Sogea, Wifi

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza na wifi amefika, vyote siku moja. Mvua angalau ilinguruma kwanza.

Amekuja na mabegi mawili na pasi yake mwenyewe, kaifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga. Miaka yote alikuwa akipiga pasi kwenye hoteli kubwa, mashuka na sare za wahudumu, mpaka hoteli ikafungwa. Mlangoni aliniangalia juu mpaka chini. "Wifi, umenenepa. Kaka yangu anakula nini sasa?" Nikamwambia, "Anakula mabaki yangu, karibu nawe ujaribu." Mume wangu akachukua mabegi akapotelea chumbani. Nikikutana na dada yake, huyu bwana hukumbuka kwamba kuna balbu ya kubadilisha.

Niandike jambo lenyewe. Kiwandani kwetu tunatengeneza mizani za madukani, na mimi ndiye ninayeandika programu zilizomo ndani yake, kwa lugha ya C. Bosi anatafuta mtu wa kujaribu mizani kabla hazijatoka: aweke jiwe, asome namba, na namba isipokaa sawa afungue programu arekebishe mstari mmoja miwili. Nikamtaja wifi. Mtu anayekunja shuka mpaka kona zinalingana kama zimepimwa, mizani itamshinda nini? Bosi akasema sawa, ila alete cheti cha kozi ya jioni. Mtihani mwisho wa Aprili. Akikipata, nafasi ni yake. Asipokipata, yeye hasubiri mtu.

Wifi akipata kazi atapanga chumba, na akipanga chumba atamchukua binti yake. Mtoto tunamwita Kipusa. Tangu ndoa ya mama yake ivunjike anakaa kwa shangazi yake, dada wa baba, mji mwingine. "Nimemwambia avumilie mpaka muhula uishe," wifi amesema, na kwa mara ya kwanza leo hakuwa akitania.

Alhamisi, 5 Machi

Zoezi la kwanza. Mistari michache tu: mashine iseme habari za jioni. Wifi akaandika kwa kidole kimoja, ulimi nje, akaipeleka kwa kompaila, ile programu inayokisoma ulichoandika kabla mashine haijakifanya, na kukikataa kikiwa na kosa. Kompaila ikamwaga makosa skrini nzima. Wifi akarudi nyuma na kiti chake.

"Ala! Huyu mama ana nini? Nimemkosea wapi?"

Tangu hapo kompaila jina lake ni Bibi Mkali. Anagomba kwa Kiingereza, tena cha kukatakata.

"Wifi, hapa anasema nini?"

"Sogea," nikamwambia.

Akasogea. Vidole vyangu vikapita, hata sikumbuki nilichogusa. Bibi Mkali akanyamaza, mashine ikasema habari za jioni. Wifi akapiga makofi. "Wewe mchawi wewe! Kumbe kaka yangu alioa mashine." Nitasema uongo nikisema sikufurahi.

Ijumaa, 6 Machi

Dari linavuja karibu na meza ya kompyuta. Tumeweka beseni.

Jumapili, 15 Machi

Kila jioni mchezo ni uleule. Anaandika, Bibi Mkali anafoka, anauliza anasema nini, namwambia sogea. Dakika chache tumemaliza, anakwenda kupasha chakula, mimi naendelea na yangu.

Leo mume wangu kaingiza mdomo. "Mbona kila mara unamnyang'anya kiti? Atajifunza lini?"

Nikafyatuka. Nikamwambia yeye aliyeshindwa kurekebisha saa ya jiko tangu tuhamie humu asinifundishe kazi yangu. Akanyanyuka kwenda kumwaga maji ya beseni, ambalo halikuwa limejaa.

Jumanne, 24 Machi

Nimechoka leo kuliko kuku anayeatamia. Kazini mizani ya kilo kumi imeanza kusema kumi na kidogo, na hakuna ajuaye hicho kidogo kimetoka wapi. Nimefika nyumbani, wifi ananisubiri na karatasi.

"Wifi, hapa anasema nini?"

"Anasema hukuwa makini."

Akacheka, lakini kicheko kifupi. Kisha nikamwambia asogee. Nimegundua ana kasoro moja haimtoki: yale mabano yenye kiuno, ambayo kila programu lazima ifunguliwe na kufungwa nayo (jina amelitunga yeye), la kufungia analiweka, la kufungulia analisahau. Nikaliweka mwenyewe kwa kidole kidogo, huku namsimulia habari za mizani. Kasoro ndogo. Itamtoka.

Asubuhi nilikuta blauzi zangu zote zimepigwa pasi na kutundikwa, hata ile ya hariri ninayoogopa kuigusa. Nilipomuuliza amewezaje hariri, alinishika mkono akauweka juu ya wake, pasi ikiwa chini, tukaenda polepole. "Usikandamize. Sikia inavyoteleza. Sasa mwenyewe." Akaondoa mkono. Nimeunguza kidogo ukingo, na wala hakuninyang'anya pasi.

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Beseni.

Jumamosi, 4 Aprili

Leo siku nzuri, niiandike vizuri.

Wifi amekwenda kuona chumba mtaa wa nyuma, amerudi anang'aa. Dirisha linatazama uwanja wa shule. Mwenye nyumba amekubali kumwekea mpaka matokeo yatoke. Jioni akampigia Kipusa simu, sauti ikawa wazi tukasikia sote. Mtoto anataka pazia la njano. Mama anasema la njano linaonyesha uchafu. Mtoto anasema basi yeye hatachafua. Tukacheka mpaka mume wangu akatoka bafuni na povu la sabuni masikioni kuuliza kulikoni.

Baada ya hapo wifi akakaa kuandika programu ambayo hakuna mwalimu aliyemwagiza. Inauliza jina lako. Ukiandika Kipusa, inajibu: Karibu chumbani kwetu, Kipusa. Ukiandika jina jingine, inasema: Umepotea njia. Aliniambia akija, mtoto ndiye atakayeandika jina lake mwenyewe.

Alipokwenda kuchemsha chai nikapeleka kazi yake kwa kompaila. Makosa chungu nzima. Nikayasafisha kabla maji hayajachemka. Aliporudi na vikombe nikamwambia, "Hebu jaribu." Akaandika jina la mwanawe. Maneno yakatokea.

"Bibi Mkali hakugomba hata kidogo?" akauliza.

"Hata kidogo," nikasema.

Alinikumbatia na kikombe mkononi, chai ikanimwagikia mgongoni. Huyu mwanamke niliyemwogopa tangu siku ya harusi yangu, nampenda. Basi, nimeandika.

Jumatatu, 13 Aprili

Wifi kaniomba jambo. Kasema, "Kesho ukae nami taratibu, usiguse kitu. Mimi niandike, mimi nikosee, wewe unisomee tu Bibi Mkali anataka nini."

Nikamwambia kesho.

Jumanne, 14 Aprili

Mizani bado. Nimerudi nimechelewa. Nimemwambia kesho.

Ijumaa, 17 Aprili

Kesho.

Alhamisi, 23 Aprili

Alianza kuniuliza, nikaona mistari yenyewe michache, nikasema sogea nikumalizie, tutakaa wikiendi. Akasogea. Leo hakupiga makofi. Alikuwa anatazama vidole vyangu kama mtu anayetazama mchezo wa karata tatu, anajua jambo linafanyika ila halioni.

Nilidhani amechoka tu.

Jumatano, 29 Aprili

Kesho ndiyo mtihani. Amelipiga pasi gauni lake la bluu mara mbili. Mtihani ni wa vitendo: unaandika programu yako, unairekebisha mpaka ikubali, unainua mkono, mwalimu anakuja kuona ikifanya kazi. Hakuna msaada.

Nilikuwa napiga mswaki. Akaja kusimama mlangoni.

"Wifi, yakitokea makosa mengi kwa pamoja, nianze wapi?"

Nikatema povu nikamwambia, "Hayatatokea. Utaandika ile ya Kipusa, si unaijua kwa moyo?"

"Naijua."

"Basi."

Akasema usiku mwema.

Alhamisi, 30 Aprili

Amerudi, hakula. Ametandika meza ya pasi sebuleni akaanza na mashuka, akaja kwenye mapazia, akaja kwenye leso za mume wangu, kitu ambacho tangu niolewe sijaona mtu akikipiga pasi. Nilipouliza imekuwaje, akasema, "Sijui, wifi. Bibi Mkali alinyamaza kabisa. Lakini mwalimu hakufurahi."

Jumatatu, 4 Mei

Amefeli.

Nimeandika neno hilo na bado siliamini. Programu ya kuuliza jina! Mtoto wa darasa la tano angeiandika. Nimejifungia chooni nisije nikaropoka. Jioni zote zile nimekaa naye, nimemfanyia kila kitu, na yeye siku moja tu hakuweza kuwa makini? Nimemwona mzembe, sitaficha. Halafu nikafikiri: hapana, ni yule mwalimu. Kuna mtu wake anayemtakia nafasi. Kesho nakwenda. Ataniona.

Jumanne, 5 Mei

Nilikwenda nimevaa hasira yangu yote. Mvua ilikuwa inapiga na mwavuli wangu ulipinduka mlangoni mwa shule, sikujali, niliingia hivyohivyo na mbavu za mwavuli zimetoka nje. Mwalimu wa kozi ni mwanamume mpole, sweta limechakaa viwiko, alikuwa anafuta ubao. Nilianza kabla hajanisalimu. Nikamwambia najua kazi hii kuliko anavyodhani, nataka kuona mtihani wa wifi yangu, na nataka kuuona sasa hivi.

"Karibu ukae, dada," akasema.

"Sikai."

"Basi simama, lakini utazame."

Mashine za shule huhifadhi nakala kila mara mwanafunzi anapopeleka kazi yake kwa kompaila. Akafungua ya kwanza. Ilikuwa ile ya Kipusa, yote, neno kwa neno. Kasoro moja tu, ileile: bano la kufungulia halikuwapo. Bila hilo, kompaila huona kila mstari uko nje ya mahali pake, kama wageni waliopanga foleni kwenye nyumba isiyofunguliwa mlango, basi hulalamikia kila mmoja. Makosa yakajaa skrini. Nilitoa pumzi. Nikasema, "Ni hilo tu? Si anaweka bano yanaisha yote."

"Ndiyo," mwalimu akasema. "Sasa tazama alivyofanya."

Makosa yakiwa mengi, skrini hujisogeza yenyewe mpaka mwisho, na jicho linakuta la chini kabisa. Kila anayeifanya kazi hii anapanda juu kwanza, kwa sababu la juu ndilo lililoyazaa mengine. Mimi huwa napanda haraka kiasi kwamba sikumbuki kama napanda. Wifi alianza na la chini. Alipoliona la chini akaenda kwenye mstari uliotajwa, na mstari haukuwa na tatizo lolote, akaugeuza, akaugeuza tena, mwisho akaufuta. Akapeleka kazi. Makosa yakapungua moja. Akaona kumbe dawa ndiyo hii. Mwalimu alifungua moja baada ya nyingine na kila iliyofuata ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Ukaondoka mstari wa Umepotea njia. Ukaondoka mstari wa kuuliza jina. Ule wa Karibu chumbani kwetu aliuacha wa mwisho. Aliuhamisha juu, akauhamisha chini, akaurudisha, nao ukalalamikiwa kila alipouweka. Kisha haukuwapo tena.

Lilipobaki bano la kufungia peke yake, ndipo akaona halina mwenzake, akaliwekea. Ilibaki programu tupu. Mabano mawili na ndani hamna kitu. Kompaila ikaikubali.

"Akainua mkono," mwalimu akasema. "Alikuwa anatabasamu. Nilikuja nikaiendesha. Haikusema neno. Akaniambia, subiri kidogo mwalimu, labda inafikiri."

Nikakaa. Kiti kilikuwa na chaki, sikujali.

"Nilimuuliza nani aliyekufundisha kurekebisha makosa. Akasema, wifi yangu, yeye ni fundi hasa, hata hayamchukui dakika." Akakunja kitambaa cha ubao. "Hakusema kwa ubaya, dada. Alikuwa anajivunia."

Nilipotoka nilisahau mwavuli, akanikimbilia nao mpaka getini.

Jumatano, 6 Mei

Sijamwambia. Amenipikia. Nimekula.

Ijumaa, 8 Mei

Nimekwenda kwa bosi kumwomba asubiri muhula mmoja. Nikamwambia kosa si lake, ni langu. Bosi akasema, "Mama, mizani zimerundikana mpaka mlangoni, kosa la nani halinisaidii." Ameshampata mtu, anaanza Jumatatu.

Nimepita mtaa wa nyuma. Dirishani kwenye kile chumba kuna pazia tayari. La kahawia.

Ijumaa, 15 Mei

Wifi amepata kazi ya kupiga pasi, kwenye dobi kubwa, mji ulio mbali kuliko hata kwa shangazi yake Kipusa. Wafanyakazi wanalala hapohapo, watoto hawaruhusiwi. Amempigia Kipusa simu. Safari hii hakuweka sauti wazi. Nilisikia upande mmoja tu: "Ndiyo. Hapana. Si muhula huu. Najua mama, najua nilisema."

Husemwa majuto ni mjukuu, huja kinyume. Mimi yangu hayakungoja hata muhula uishe. Kila nikipita pale mezani naona viti viwili, na changu kiko mbele ya mashine.

Jumamosi, 23 Mei

Mchana huu mvua ilitulia. Wifi alikuwa anamalizia kupiga pasi nguo za safari. Nilizunguka sebule, nikafuta meza isiyo na vumbi, mwisho nikasema kama mtu anayetapika.

"Wifi, naomba uandike ile ya Kipusa."

"Ya nini sasa?"

"Naomba tu. Tafadhali."

Alinitazama kitambo. Sidhani kama aliwahi kunisikia nikisema tafadhali. Akaiacha pasi wima, akakaa kwenye kiti cha mbele. Mimi nikakaa cha pembeni, mikono yangu nikaikalia, kweli, nikaiweka chini ya mapaja. Akaandika. Sasa anaandika kwa vidole vinne. Bano la kufungulia akalisahau, na mimi nikaliona likisahaulika, vidole vyangu vikacheza kule chini, nikavibana.

Akapeleka. Makosa yakajaa skrini.

"Si unaona," akasema. Akaanza kunyanyuka anipishe kiti, mwenyewe, bila kuambiwa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

"Usisogee," nikasema. "Panda juu kabisa. Soma la kwanza tu. Mengine yaache yapige kelele."

Akapanda. "Linasema mstari wa nne."

"Mstari wa nne una nini?"

Akautazama. "Hauna kitu. Uko sawa."

"Basi tazama wa juu yake. Kosa hupenda kukaa mstari mmoja nyuma ya pale Bibi Mkali anaponyooshea kidole."

Akautazama wa tatu. Tone moja likaanguka kwenye beseni. Nilitaka kusema, nikauma mdomo.

"Bano la kiuno," akasema polepole. "Sijafungua."

Akaliweka. Akapeleka tena. Skrini ikawa nyeupe, hakuna hata kosa moja. Mashine ikauliza jina, akaliandika, maneno yakatokea: Karibu chumbani kwetu, Kipusa.

Hakupiga makofi. Alikaa anayasoma kama hajui kusoma.

"Yote yale," akasema, "yalikuwa hili?"

"Yote."

"Ndiyo hilo tu, wifi?"

"Ndiyo hilo tu."

Nikamwambia nisamehe. Nilimwambia yote, ya mwalimu, ya jioni zile, na ya siku ya chai, kwamba Bibi Mkali aligomba sana na mimi nikamficha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Angenitukana ningeshukuru. Akasema tu, "Niliuliza, wifi. Ulikuwa unapiga mswaki." Kisha akaenda kuchomoa pasi, akasimama kando yake mpaka ikapoa, akaifunga kwenye taulo.

Jumapili, 24 Mei

Jua. Tumemsindikiza stendi. Aliniambia nimenenepa, ili kaka yake asijue kitu, nami nikamjibu kama kawaida.

Tumerudi, mume wangu kaondoa beseni. Kipusa akapiga simu akidhani mama yake bado yuko hapa. Akaniuliza, "Aunti, ile programu yangu bado ipo?" Nikamwambia ipo. Akaniomba niifungue, niandike jina lake. Nikaandika.

"Inasema nini?"

Nikamsomea. "Karibu chumbani kwetu, Kipusa."

Akayarudia maneno yale polepole.

"Chumba kipi, aunti?"

Nikamwambia simu inakatika.